Likizo ya jiji kubwa bila gari, na mtoto wa miaka mitatu: anzeni na mahali pa kulala

"Mimi na mume wangu tunapanga likizo ya siku tano katika jiji kubwa ambalo hatujawahi kufika, na bado tunachagua ni jiji gani. Mtoto wetu ana miaka mitatu na miezi minne, bado analala mchana, na akichoka anataka kubebwa. Hatutaki kukodi gari: mume wangu hapendi kuendesha ugenini na mimi siendeshi kabisa. Kila ninayemweleza ananiambia tutajuta, eti ngazi za treni zitatumaliza, bora tungoje mtoto afike miaka saba. Je, tuchukue kigari cha kumsukuma au tumwache atembee? Tulale katikati ya jiji kwa gharama kubwa, au nje kidogo kwa nafuu? Ndege yetu huenda ikafika usiku. Nikimpakata kwenye teksi kutoka uwanjani ni salama? Na mtoto wa umri huu anaweza kweli kutembea mjini siku nzima?"

Dada, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote. Hapana, mtoto wa miaka mitatu hawezi kutembea mjini kutwa nzima, na hakuna haja ya kumjaribu. Ila hilo halihusiani na kuwa na gari au kutokuwa nalo. Hata wenye gari hawawezi kumzungusha mtoto wa umri huo kuanzia asubuhi hadi jioni bila kuishia kwenye kilio. Anachohitaji ni siku iliyokatwa katikati, na kitanda kilicho karibu.

Nikisoma swali lako, naona hofu yako hasa ni hii: mko katikati ya mji msioujua, mtoto amejitupa chini analia, begi liko begani, mbele yenu kuna ngazi ndefu, na hakuna pa kukimbilia. Ni hofu ya haki. Wanaokuambia mngoje wanaona gari ndilo kimbilio, kwamba mtoto akizidiwa unamfunga kitini na kuondoka. Lakini katika jiji kubwa gari mara nyingi limeegeshwa mbali na mlipo, kulifikia ni kutembea, kutoka nalo ni foleni, na dereva anatafuta njia huku mtoto akilia nyuma. Kimbilio la kweli mjini ni chumba chenu. Kikiwa karibu, shida zote ulizozitaja zinapungua kwa mpigo. Kikiwa mbali, hakuna mbinu itakayowaokoa.

Kuna jambo wazazi wengi hulikosea: hudhani kinachomchosha mtoto ni kilomita. Mwangalie akiwa uwanja wa michezo; anakimbia saa nzima na hataki kuondoka. Kinachommaliza ni kuhamishwa-hamishwa: shuka ngazi, ngoja, panda, shikilia, usiguse, shuka, haraka, ngoja tena. Kila badiliko linamdai aache alichokuwa anakitazama na kufuata mpango asiouelewa, na mtoto wa umri huu bado hana uwezo mkubwa wa kujizuia. Safari ya dakika 25 kwa basi moja, akiwa dirishani, kwake ni burudani tupu. Safari ya dakika 15 yenye kubadilisha treni mara mbili ni mateso. Kwa hiyo mnapochagua njia kwenye programu ya ramani, msiifuate ile ya haraka zaidi. Fuateni yenye mabadiliko machache, hata ikichukua dakika kumi zaidi. Na dakika za kutembea zinazoonyeshwa pale ni za mtu mzima anayekwenda kama kilomita 5 kwa saa bila kusimama kutazama njiwa. Kwa mtoto wako zidisheni mara mbili.

Sasa mahali pa kulala. Piga hesabu hii na mume wako. Mtoto analala mchana, kwa hiyo mkitaka kuona jiji asubuhi na alasiri, kila siku mtatoka mara mbili na kurudi mara mbili: safari nne. Mkilala mahali ambapo kila safari ni dakika 40, hizo ni dakika 160 kwa siku, na kwa siku tano ni zaidi ya saa 13 za kusafirisha mtoto. Ikiwa ni dakika 15, ni saa 5 tu. Mbaya zaidi, waliolala mbali hawarudi mchana kabisa kwa kuwa wanaona haina maana. Basi usingizi wa mchana unakufa, na jioni unakufa nao. Kama fedha haziruhusu siku tano katikati, ningepunguza siku ziwe nne badala ya kuhamia nje.

Lakini "katikati" siyo lazima iwe kando ya uwanja maarufu ambapo kelele haziishi hadi usiku wa manane. Tafuteni mtaa wa kawaida wanakoishi watu, ndani ya dakika sita au saba za kutembea kutoka kituo chenye lifti, kwenye njia inayofika moja kwa moja sehemu mbili au tatu mnazozitaka. Kuwe na bustani au uwanja wa watoto karibu, na duka la vyakula. Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba au hoteli umuulize: "Kutoka barabarani hadi mlango wa chumba kuna ngazi ngapi?" Usiulize tu kama kuna lifti. Majengo mengi ya zamani yana lifti kweli, ila inaanzia baada ya ngazi nane au kumi za mlango mkuu, na hizo ndizo mtakazopanda na kigari, mzigo na mtoto aliyelala. Uliza pia kuhusu pazia zito la dirishani. Nalitaja kwa sababu usingizi wa saa saba mchana katika chumba chenye mwanga mkali ni bahati nasibu.

Kwa kuwa jiji bado hamjalichagua, hapo ndipo ningetumia muda mwingi, maana miji haifanani hata kidogo. Vienna na Copenhagen zina lifti kwenye kila kituo cha metro (treni za ndani ya jiji), na metro ya Copenhagen inafanya kazi saa 24, jambo zuri kwa ndege inayofika usiku. Paris ni mji mzuri kwa mtoto ukiwa juu ya ardhi, lakini vituo vingi vya metro yake vilijengwa zamani na ni ngazi tupu. Njia ya 14, iliyofunguliwa mwaka 1998, ina lifti, na mabasi yanafikika kwa urahisi zaidi kuliko treni. New York ina vituo zaidi ya 400 vya treni ya chini ya ardhi, na chini ya nusu vina lifti. London nayo imechanganyika, ila ramani yake ya vituo visivyo na ngazi imetengenezwa vizuri. Venice haina magari katika mji wake wa kale, na wengi hudhani kwa hiyo ni pepo ya kigari cha mtoto. Kumbe ina madaraja zaidi ya 400, mengi yakiwa na ngazi za kupanda na kushuka. Pale mbeleko au kibebeo cha mgongoni ndicho kitakachowafaa. Jiji lolote mtakalolifikiria, tafuteni ramani ya usafiri iliyotengenezwa kwa ajili ya watumiaji wa viti vya magurudumu. Pale penye kupita kiti cha magurudumu, kigari chenu kinapita.

Msisahau kuangalia nauli za watoto. Katika miji mingi mtoto wa miaka mitatu halipi kitu. Vienna na Tokyo hawalipi mpaka wafike miaka sita, na kwenye treni za chini ya ardhi za London hawalipi chini ya miaka 11 wakiwa na mtu mzima. Ushauri wa kungoja hadi miaka saba, kwa upande huu, ungewagharimu.

Kuhusu kigari: kichukueni. Najua mtoto wa miaka mitatu nyumbani ameshakiacha, na huenda utaona kama unamrudisha nyuma. Hapana. Ugenini kigari si cha mtoto asiyejua kutembea; ni kitanda, kivuli, na mahali pake mwenyewe katikati ya watu warefu. Chukueni chepesi, kinachokunjwa kwa mkono mmoja, chenye mgongo unaolala. Mtoto atembee anapotaka, apande anapochoka, na mfuko uning'inie chini ya kiti, si kwenye mpini, maana mtoto akishuka ghafla kigari chenye mzigo mpinini hupinduka. Ongezeni mbeleko nyepesi ndani ya begi kwa ajili ya siku lifti ikiharibika. Na lifti huharibika, kwa hiyo asubuhi tazameni taarifa za mtandao wa usafiri kabla ya kutoka.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ajali za vigari hutokea katika sehemu zilezile. Ya kwanza ni ngazi za umeme: usipandishe kigari chenye mtoto, hata ukiona wenyeji wanafanya. Magurudumu hayakai sawa kwenye ngazi zinazojikunja, na mwishoni juu yanaweza kukwama huku watu wakikujia nyuma. Mtoe mtoto, kunja kigari, mmoja ashike mtoto mwingine ashike kigari. Ya pili ni jukwaa la treni. Majukwaa mengi yana mteremko mdogo wa kuondoa maji, usioonekana kwa macho, na wakati mwingine unaelekea relini. Ukisimama, funga breki na ugeuze kigari kiwe sambamba na reli, kisielekee relini, mkono ukiwa juu yake hata unaposoma ramani. Ya tatu ni ndani ya basi: likiwa na nafasi ya vigari yenye ubao wa kuegemea, mgongo wa kigari uegemee ubao huo, mtoto akitazama nyuma ya basi, breki zikiwa zimefungwa. Dereva akikanyaga breki ghafla, ubao ndio unaomzuia.

Kupanda treni nako kuwe na utaratibu. Mmoja wenu atangulie, mtoto afuate katikati, mwingine amalizie. Mkubaliane leo, si siku ile: milango ikifunga na kutenganisha kundi, aliyebaki jukwaani hasogei, na aliyeondoka anashuka kituo kinachofuata na kurudi. Mtoto asiwahi kuwa peke yake upande wowote wa mlango. Ndiyo maana anakaa katikati, ameshikwa mkono. Kila asubuhi mpigeni picha kabla ya kutoka, ili mkimtafuta mwonyeshe alivyovaa siku hiyo. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu upande wa ndani wa mkono wake, chini ya nguo. Jina lake lisiwe juu ya begi ambapo kila mgeni anaweza kulisoma na kumwita.

Turudi kwenye usingizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku kwa watoto wa miaka mitatu na minne, ukijumlisha na wa mchana. Tangu mtoto anapoamka, haja ya usingizi hujikusanya, na kwa mtoto mdogo hujikusanya haraka kuliko kwetu. Ikivuka kiwango chake, wengi hawasinzii. Huchangamka kupita kiasi, hukimbia, hucheka bila sababu, kisha huporomoka. Mzazi anaona uchangamfu na kudhani bado ana nguvu, anaongeza makumbusho moja. Robo saa baadaye yuko sakafuni na mtoto anayepiga mateke. Msingoje dalili, fuateni saa.

Umbo la siku ambalo huwa napendekeza ni hili. Tokeni baada ya saa tatu asubuhi, msongamano wa watu wa kazini ukishapungua. Nendeni sehemu moja kubwa, moja tu, na mfike inapofunguliwa. Kwenye saa sita rudini, mle, alale. Alasiri mtoke tena kwa miguu tu, mtaani kwenu, bustanini, kando ya mto kama upo, bila kupanda treni yoyote, kwa sababu saa hizo ndizo wafanyakazi wanarudi na mabehewa hujaa hadi mtoto anaona magoti ya watu tu. Siku moja kati ya tano msipange kitu. Mchague basi au tramu yenye njia ndefu, mpande mwanzo, mkae mbele, mwende hadi mwisho na kurudi. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo huwa siku anayoisimulia.

Mtaona kwamba mpango huu unawaachia sehemu kubwa nne tu kwa safari nzima. Ni kweli, na sitakuficha: wewe na mume wako mtaondoka mkiwa hamjaona vitu vingi vilivyo kwenye orodha yenu. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Mnaweza kupokezana, mmoja abaki na mtoto anayelala, mwingine atoke kwa muda wa saa mbili peke yake akaone anachokitamani. Hilo nalo linawezekana tu mkiwa mmelala karibu.

Kama mnavuka majira ya saa, hesabuni takribani siku moja kwa kila saa moja ya tofauti kabla mwili haujakaa sawa, na kwenda mashariki huwa kugumu kuliko kwenda magharibi. Kwa safari ya siku tano, tofauti ya saa sita au saba ni kubwa mno. Chagueni jiji lisilo na pengo hilo.

Sasa teksi. Kumpakata si salama, na hapa nakuomba usimsikilize yeyote anayesema ni dakika chache tu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 14 anakuwa kama kilo 280 mikononi mwako, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mzazi duniani anayeweza kushikilia uzito huo, awe na mapenzi kiasi gani. Kumfunga pamoja nawe kwa mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaombana. Katika nchi kadhaa sheria inaruhusu teksi kubeba mtoto bila kiti maalumu. Hiyo ni ruhusa ya sheria, haibadilishi kinachotokea gari likigonga.

Mna njia tatu nzuri. Kwanza, treni au basi kubwa la uwanja wa ndege, hata usiku, kama kituo chenu kiko njiani. Basi na treni ni vizito, na vikigongana na kitu kidogo havisimami kwa ghafla ileile. Ndiyo maana vigezo vyake vya usalama ni tofauti na vya gari dogo. Pili, agizeni mapema gari lenye kiti cha mtoto, mtaje umri na uzito wake kwa maandishi, na mpate jibu la maandishi. Tatu, bebeni kiti chenu. Mashirika mengi ya ndege hukipokea bila malipo ya ziada, ingawa ni mzigo kwenu siku tano nzima. Ningechagua ya kwanza pale inapowezekana, na ya pili ndege ikifika baada ya treni za mwisho. Ikitokea dharura na hakuna kiti kabisa, mtoto wa miaka mitatu akae kiti cha nyuma, peke yake, na mkanda wake mwenyewe. Haitoshi, lakini ni bora mara nyingi kuliko mapajani.

Kuna hali ambazo ningekuambia mkodi gari au mbadilishe safari. Kama mnachotaka kukiona kiko vijijini nje ya jiji na treni hazifiki. Kama mmoja wenu ana maumivu ya mgongo au ni mjamzito wa miezi ya mwisho, na jiji ni lile la ngazi. Kama mnahama malazi kila siku mbili. Na kama usafiri wa umma wa jiji lenyewe ni wa shida, msilazimishe. Chagueni jiji lingine.

Muoneni daktari au kliniki ya wasafiri wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka kwa ajili ya chanjo, na mapema zaidi kama mtoto ana pumu, mzio mkali au masikio yanayouma mara kwa mara, kwa sababu kupanda na kushuka kwa ndege hubana masikio. Mkiwa safarini, mtoto anaweza kulalamika miguu usiku baada ya siku ya kutembea. Yakiwa maumivu ya miguu yote miwili, yanayokuja jioni na kwisha asubuhi, akiwa anakimbia kama kawaida mchana, mkandeni taratibu na mpunguze mwendo kesho yake. Lakini maumivu ya mguu mmoja tu, kuchechemea, kiungo kilichovimba au cha moto, au homa pamoja na maumivu, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Vilevile mtoto anayetapika asibakize maji, asiyekojoa kwa saa nyingi, anayelia bila machozi au aliyelegea asivyo kawaida. Kabla ya kusafiri andikeni namba ya dharura ya nchi mnayokwenda (112 inafanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya) na jina la hospitali ya karibu yenye idara ya watoto, pamoja na namna ya kufika.

Na kabla ya kulipia chochote, fanyeni jaribio moja hapohapo mlipo. Jumamosi moja tokeni saa tatu asubuhi na kigari, begi lile mtakalosafiri nalo, na usafiri wa umma pekee. Mwende mahali pamoja, mrudi saa sita, alale, mtoke tena alasiri kwa miguu. Angalieni alipoanza kuchoka, mara ngapi alitaka kubebwa, nani kati yenu aliishiwa subira na saa ngapi. Kama alidumu saa mbili na nusu asubuhi, pangeni safari kwa saa mbili. Kama kigari kiliwasumbua kwenye basi, mjue sasa mkiwa bado na muda wa kutafuta chepesi zaidi. Ukiona siku ilikwenda vizuri, lipieni malazi kwanza, tiketi za ndege baadaye, kwa sababu vyumba vile vichache vyenye lifti, utulivu na kituo karibu ndivyo vinavyowahi kuisha.